Mkate wa Mbegu: Kilicho Juu Yake na Kilichomo Ndani

Katika maduka ya vyakula asilia ya Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Arusha, na siku hizi hata kwenye rafu za supamaketi za kawaida, kuna mkate unaozua maswali kuliko mikate mingine yote. Ni mzito mkononi, rangi yake ni ya kahawia, umetapakaa ufuta na mbegu za alizeti na za maboga, na bei yake inamfanya mnunuzi aurudishe rafuni mara moja kabla ya kuuchukua tena. Wapo wanaoununua kwa sababu wameambiwa hospitalini wapunguze sukari mwilini, wapo wanaoupenda kwa ladha yake tu, na wapo wanaoukimbia kwa kuwa wamesikia kwamba mbegu huingia kwenye kidole tumbo na kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Mkanganyiko wote huo una mzizi mmoja: majina "mkate wa brauni", "mkate wa ngano nzima", "mkate wa nafaka mchanganyiko" na "mkate wa mbegu" hutumiwa kana kwamba yana maana moja, ilhali moja linaeleza rangi, jingine linaeleza namna ngano ilivyosagwa, jingine linataja idadi ya nafaka, na la mwisho linataja kilichoongezwa.

Tuanze na punje yenyewe. Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ya nje ni pumba, yaani matabaka ya ganda gumu yanayobeba sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na madini, nayo ni takribani asilimia 14 ya uzito wa punje. Ya pili ni kiini, sehemu ndogo ambayo ingechipua mmea mpya kama punje ingepandwa. Haizidi asilimia 3, lakini humo ndimo yalimo mafuta na vitamini E. Sehemu inayobaki, karibu asilimia 83, ni wanga uliochanganyika na protini, akiba ya chakula ambayo mche ungeitegemea kabla ya kuota majani. Unga mweupe wa ngano hutokana na sehemu hiyo ya tatu peke yake. Kinu cha kisasa kikipewa kilo 100 za ngano hutoa kilo 75 hivi za unga mweupe, na kinachosalia, pumba pamoja na kiini, hutiwa kwenye magunia na kuuzwa kuwa chakula cha ng'ombe na kuku.

Aliyekulia Tanzania anaijua tofauti hii tangu utotoni, kwa kuwa ameiona kwenye mahindi. Mahindi yakisagwa yote, pamoja na ganda na kiini, hutoa dona. Yakikobolewa kwanza, hutoa sembe. Mkate mweupe ni sembe ya ngano, na mkate wa ngano nzima ni dona yake. Ulinganisho huu unaeleza pia kwa nini unga wa ngano nzima haukai muda mrefu kama mweupe, maana katika nafaka zote mbili ni mafuta ya kiini yanayoharibika kwanza na kuupa unga harufu mbaya na uchungu.

Sasa majina yale manne yanaweza kuwekwa mahali pake. Mkate wa ngano nzima, ukistahili jina hilo, umetengenezwa kwa unga wenye sehemu zote tatu za punje kwa uwiano wake wa asili. Mkate wa brauni ni mkate wenye rangi ya kahawia, na hiyo ndiyo ahadi yote iliyomo katika jina lake. Unga wake unaweza kuwa wa ngano nzima, unaweza kuwa mweupe uliorudishiwa pumba kidogo, na unaweza kuwa mweupe kabisa uliotiwa rangi ya karameli au molasi. Mkate wa nafaka mchanganyiko una zaidi ya nafaka moja, pengine ngano, shayiri, mtama na mahindi, lakini jina halisemi kama nafaka hizo zilikobolewa au la. Mkate wa mbegu, hatimaye, una mbegu. Mkate wa ufuta wa Zanzibar ni ushahidi mzuri: huumuliwa kwa unga mweupe na tui la nazi, ukatandazwa kwenye chuma, ukanyunyiziwa ufuta na kugeuzwa kwenye moto mpaka uso upate madoa ya hudhurungi. Una mbegu tele, wala hakuna mpishi wa Unguja aliyewahi kudai kwamba ni mkate wa ngano isiyokobolewa. Ni mkate mtamu, basi. Mkate wa mofa, unaookwa kwa unga wa mtama katika tanuri la udongo huko Pwani, mara nyingi hauna mbegu hata moja juu yake, na bado uko karibu zaidi na nafaka nzima kuliko mikate mingi ya kahawia iliyofungwa kwenye plastiki.

Jinsi mkate wa kahawia ulivyopanda cheo

Kwa karne nyingi unga mweupe ulikuwa wa matajiri, kwa sababu kuupata kulihitaji kusaga kwa jiwe na kisha kuchekecha kwa mikono mpaka pumba zitoke. Hali ilibadilika katika miaka ya 1870 na 1880, wakati vinu vya rola za chuma vilipoenea kutoka Budapest hadi Minneapolis. Rola hizo hazisagi punje kwa mkupuo mmoja. Huipasua, huitenganisha wanga na ganda hatua kwa hatua, na kiini, kwa kuwa kina mafuta, hubanwa kikawa kibapa na kuondolewa kwenye chekeche. Unga uliotoka ulikuwa mweupe, wa bei nafuu, na uliweza kukaa ghalani na kusafirishwa mbali bila kuharibika. Mkate wa matajiri ukawa mkate wa kila mtu, na papo hapo waliokuwa na uwezo wakaanza kuutafuta ule wa zamani.

Mahubiri dhidi ya unga mweupe yalikuwa yameanza hata kabla ya rola. Nchini Marekani, katika miaka ya 1830, mhubiri Sylvester Graham alizunguka akiwahimiza watu wale mkate wa ngano isiyochekechwa, na unga wa namna hiyo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ujerumani, kuelekea mwisho wa karne ya 19, vuguvugu la kurekebisha maisha lilizaa maduka maalumu ya vyakula visivyokobolewa ambayo yangali yanaitwa Reformhaus. Duka la vyakula asilia la Nairobi au Dar es Salaam ni mjukuu wa maduka hayo, na limerithi mema yake pamoja na tabia yake ya kuahidi mengi.

Ila sayansi yenyewe ya nyuzinyuzi ina mizizi Afrika Mashariki, jambo ambalo wauzaji wa mikate hii hawalitaji, ingawa lingewafaa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960, kwa muda mrefu akiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na Hugh Trowell, tabibu aliyekuwa amefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929, walishangazwa na uhaba wa magonjwa fulani ambayo wodi za Uingereza zilijaa: kufunga choo kwa muda mrefu, vifuko vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana, na saratani ya utumbo huo. Hoja yao, waliyoieneza katika miaka ya 1970, ilikuwa kwamba chakula kisichokobolewa, chenye nyuzinyuzi nyingi, ndicho kilichowakinga watu wa vijijini. Utafiti uliofuata umerekebisha sehemu za hoja hiyo, kwa kuwa tofauti za maisha kati ya kijiji cha Uganda na jiji la Uingereza haziishii kwenye sahani, lakini shina lake limesimama. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, ulikusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka mingi na majaribio 58, ukaona kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo vichache, na magonjwa machache ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, kuliko waliokula kidogo. Manufaa yaliyo makubwa zaidi yalionekana katika ulaji wa gramu 25 hadi 29 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza mtu mzima asipungukiwe na gramu 25.

Kiasi hicho kinaonekanaje mezani? Gramu 100 za mkate mweupe zina gramu 2 hadi 3 za nyuzinyuzi, na kiasi hicho hicho cha mkate wa ngano nzima kina gramu 6 hadi 7. Slesi mbili nene za ngano nzima humpa mlaji gramu 5 hivi, sehemu ya tano ya mahitaji ya siku, na mbegu zikiwa nyingi huongeza kidogo juu ya hapo. Sahani ya maharage ya kuchemsha humpa zaidi ya hizo kwa sehemu ndogo ya bei, na ingekuwa vyema wauzaji wakalisema hilo kwa sauti. Waganda aliowatibu Burkitt hawakuwa wakila mkate wa mbegu. Walikula ndizi, viazi vitamu, wimbi na kunde. Mkate huu ni njia nzuri mojawapo kwa mtu ambaye angekula mkate kwa vyovyote vile asubuhi.

Kusoma lebo bila kudanganyika

Rangi haithibitishi kitu, na mbegu za juu hazithibitishi kitu. Ushahidi uko kwenye orodha ya viambato, maandishi madogo yaliyo nyuma ya mfuko, ambayo kwa kanuni ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inayofuatwa na nchi nyingi hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi zaidi. Chukua mfano huu wa kubuni, ambao hata hivyo mnunuzi yeyote atautambua: "Unga wa ngano, maji, unga wa ngano nzima, hamira, sukari, mbegu za alizeti, mafuta ya mboga, chumvi, ufuta, rangi ya karameli." Mbele ya mfuko pengine kumeandikwa kwa herufi kubwa "Ngano Nzima na Mbegu", na hakuna neno la uongo hapo. Lakini kiambato cha kwanza ni "unga wa ngano" bila neno "nzima", yaani unga mweupe, na ule wa ngano nzima umekuja nyuma hata ya maji.

Sasa tazama mahali ilipo chumvi, kwa sababu chumvi ni kipimo kizuri ambacho watu wachache hukitumia. Mkate wa kawaida huwa na gramu moja hivi ya chumvi, au zaidi kidogo, katika kila gramu 100, kwa hiyo mkate wa gramu 400 una gramu 4 hadi 5. Kiambato chochote kilichoandikwa baada ya chumvi kinapungua kiasi hicho. Ufuta katika mfano wetu, basi, haufiki hata gramu 5 katika mkate mzima, nao ni chini ya kijiko kimoja cha mezani, ambao karibu wote umebandikwa juu ili uonekane na nusu yake itabaki ndani ya mfuko mkate utakapokatwa. Mkate unaostahili kuitwa wa mbegu huzitaja mbegu zake mapema, mara baada ya unga na maji.

Mkate wenyewe nao hutoa dalili, ingawa dalili si hukumu. Kata slesi uiinue kwenye mwanga wa dirisha. Ngano nzima huonyesha chembe za pumba zilizotapakaa, nyingine za rangi ya dhahabu na nyingine nyeusi kidogo, na vitundu vya hewa huwa vidogo, kwa kuwa kingo kali za pumba hukatakata utando wa protini unaoshikilia hewa wakati wa kuumuka. Slesi yenye kahawia moja sawasawa, laini, isiyo na chembe hata moja, inatia shaka. Mbegu zilizookwa ndani ya mkate huonekana zimekatwa na kisu: ya boga hutoa mstari wa kijani, ya alizeti doa la kijivu.

Msomaji aliyeko Ulaya au Marekani Kaskazini ana ulinzi zaidi wa sheria, na anafaa kuujua. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 haziruhusu mkate uitwe wa unga mzima ikiwa umechanganywa na unga mweupe. Ujerumani, mkate unaoitwa Vollkornbrot unatakiwa uwe na angalau asilimia 90 ya nafaka nzima katika unga wake. Marekani, bidhaa inayotaka kujinadi kwa maneno yaliyokubaliwa kuhusu nafaka nzima na moyo inahitaji asilimia 51 tu ya uzito, kwa hiyo huko orodha ya viambato ingali muhimu. Kwetu, kanuni za lebo ziko mikononi mwa mashirika ya viwango, KEBS upande wa Kenya na TBS upande wa Tanzania, ambalo mwaka 2019 lilikabidhiwa pia jukumu la usalama wa chakula. Lakini mikate mingi ya maduka madogo huuzwa katika karatasi isiyo na maandishi. Hapo dawa ni kumuuliza mwoka mikate swali moja la moja kwa moja: katika kila kilo ya unga, ngapi ni ya ngano isiyokobolewa? Anayeoka kwa unga mzima hujibu kwa fahari na mara nyingi hulalamika juu ya bei ya unga. Anayesita ameshajibu.

Neno "asilia" nalo halina uzito wa kisheria mahali pengi, tofauti na "bio" au kilimo hai katika Umoja wa Ulaya, ambalo hulindwa na sheria na hudai ukaguzi. Kuna hata upande mmoja ambao mkate wa kiwandani humshinda ule wa asilia. Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012 zimeweka kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano wa viwandani, vikiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki, ambayo hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Unga uliosagwa katika kinu kidogo cha jiwe unaweza kukosa nyongeza hiyo. Mwanamke anayetarajia kupata mimba asiache vidonge vya foliki kwa kuwa tu amehamia kwenye mkate mzuri.

Sukari ya damu, kidole tumbo na mengineyo

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba mkate wa kahawia haupandishi sukari. Hapa kipimo kimoja kinahitaji kuelezwa. Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walibuni kielezo cha glaisemia, yaani namba inayoonyesha kasi ambayo chakula chenye wanga huinua sukari ya damu kikilinganishwa na glukosi, iliyopewa 100. Katika majedwali ya kimataifa ya mwaka 2008, wastani wa mkate mweupe wa ngano ulikuwa 75. Wa mkate wa ngano nzima ulikuwa 74. Namba hizi huwashangaza wengi, na huwaudhi baadhi ya wauzaji, lakini sababu yake ni nyepesi: unga uliosagwa laini, hata kama una pumba zote, umeshavunjwavunjwa kiasi kwamba vimeng'enya vya mwilini huufikia wanga bila kizuizi. Mikate yenye punje na nafaka zilizobaki nzima au zilizopasuliwa tu ilipata wastani wa 53, kwa sababu punje yenye ganda huchukua muda kusagwa tumboni.

Mwenye kisukari, kwa hiyo, anafaa kuutafuta mkate mzito ambao punje huonekana na kutafunika, na hata huo aule kwa kiasi kilichopimwa. Slesi mbili pamoja na yai au maharage hazipandishi sukari sawa na slesi tano pamoja na jemu. Kipimo chake mwenyewe cha sukari, saa mbili baada ya kula, kitamwambia mengi kuliko maandishi ya mfuko. Manufaa ya ngano nzima yale ya nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B yapo palepale, lakini hujengeka kwa miaka.

Kuhusu kidole tumbo, hofu imepita kiasi. Kidole tumbo huvimba pale mlango wake unapoziba, na kinachouziba kwa kawaida ni kipande cha kinyesi kilichokauka au uvimbe wa tezi zilizomo kwenye ukuta wake. Visa ambavyo mbegu ilikutwa humo vipo, lakini ni adimu mno vikilinganishwa na mamilioni ya watu wanaokula nyanya, mapera na ufuta kila siku. Imani pacha, kwamba mbegu na karanga huwadhuru wenye vifuko kwenye utumbo mpana, ilikuwa ikirudiwa na madaktari wenyewe mpaka mwaka 2008, utafiti uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 18 ulipoonyesha kwamba walaji wa karanga na bisi hawakuugua zaidi kuliko wengine. Kinacholeta taabu kweli ni haraka. Mtu aliyezoea mkate mweupe akigeukia ghafla mkate mzito wa mbegu asubuhi na jioni atajaa gesi, na asipokunywa maji ya kutosha anaweza hata kufunga choo, kisha ataulaumu mkate. Aanze na slesi moja kwa wiki kadhaa.

Wanaokosea zaidi ni wale wanaodhani mkate wa mbegu hupunguza uzito. Karibu nusu ya uzito wa ufuta, alizeti na mbegu za maboga ni mafuta. Ni mafuta mazuri, na mbegu hizo zina protini na madini ya zinki na magnesi, lakini kijiko kimoja cha mezani kina kalori zaidi ya 50, kwa hiyo mkate uliosheheni mbegu humzidi mweupe kwa nishati. Huridhisha mapema, na hapo ndipo unaposaidia, ikiwa mlaji atakubali kuacha anaposhiba.

Mbegu za kitani zina suala lao. Zina mafuta ya omega 3 kwa wingi, lakini ganda lake ni gumu na laini kama kioo, na mbegu nzima isiyotafunwa hupita tumboni ikatoka ilivyoingia. Mkate wenye kitani kilichosagwa una faida zaidi. Ufuta, kwa upande mwingine, huwadhuru watu wenye mzio nao, tena vibaya, na Marekani imelazimisha utajwe kwenye lebo tangu Januari 2023. Watoto wachanga wasipewe mkate wenye mbegu nzima za maboga au alizeti, wasije wakapaliwa. Na mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wake huumizwa na protini ya ngano iitwayo gluteni, hana nafuu yoyote katika ngano nzima, maana gluteni imo humo humo.

Kuula na kuuoka

Kwa kuchovya kwenye chai mkate huu haufai sana. Mbegu hudondoka na kukusanyika chini ya kikombe, na mkate mweupe utabaki na heshima yake hapo. Ubora wake hujitokeza ukipashwa moto. Slesi nene kwenye kikaango kikavu hutoa harufu ya ufuta na alizeti zinazokaangika kwa mafuta yake zenyewe, na juu yake parachichi lililopondwa kwa chumvi na ndimu, au maharage ya nazi yaliyobaki jana, au siagi ya karanga, hukaa bila kuloanisha mkate. Unakwenda vizuri pia na samaki wa kupaka, kwa sababu uzito wake unastahimili mchuzi.

Kuuoka nyumbani kunapunguza gharama sana, maana mbegu zenyewe ni mazao ya hapa: ufuta hulimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, alizeti Singida na Dodoma. Mnunuzi aangalie tu kwamba alizeti ya magunia sokoni mara nyingi ni ya kukamua mafuta na ina maganda. Iliyomenywa huuzwa kando. Unga wa atta unaopatikana katika maduka ya vyakula vya Kihindi unafaa, ingawa atta nyingine huwa zimechekechwa kiasi, kwa hiyo lebo isomwe hapo pia. Kwa gramu 500 za unga chukua gramu 100 za mbegu, uziloweshe usiku kucha na kuzichuja asubuhi, kwa kuwa mbegu kavu hunyonya maji kutoka kwenye unga uliokandwa na kuuacha mkate ukiwa mkavu siku ya pili. Changanya na mililita 350 hivi za maji ya uvuguvugu, gramu 7 za hamira na gramu 8 za chumvi. Mchanganyiko utaonekana umelegea na unanata kuliko wa mkate mweupe, na wengi hapo huongeza unga, kosa linalozaa matofali. Uache utulie dakika 20, pumba zitakunywa yale maji, ndipo uukande. Katika joto la pwani saa moja hutosha kuumuka. Utie kwenye kopo lililopakwa mafuta, uumuke tena mpaka ukaribie ukingo, kisha uoke kwa nyuzi 200 kwa dakika 40, na usiukate ukiwa moto, kwani ndani utanata kwenye kisu.

Hifadhi yake inahitaji uangalifu, kwa kuwa mkate usio na dawa za kuzuia kuvu huota ukungu kwenye mfuko wa plastiki ndani ya siku tatu au nne za unyevunyevu wa Mombasa au Dar es Salaam. Jokofu la kawaida huzuia ukungu lakini huufanya mkate ukauke na kukakamaa upesi zaidi, kwa sababu wanga hujipanga upya haraka katika baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Katika friza hali hiyo husimama. Ukate wote slesi siku ile ile ulipopoa, utie kwenye mfuko uliotolewa hewa, na asubuhi uchukue slesi unazohitaji tu, uziweke kwenye kikaango zikiwa bado zimeganda.